Msomaji Aliyekohoa Nilipoingia

Msomaji mzuri ni yule unayemsahau. Niliwahi kuandika hivyo kwenye maoni ya wasikilizaji wa vitabu vya sauti, zamani nilipokuwa nachuma chai chini ya Mlima Rungwe, hedifoni masikioni na kikapu mgongoni. Kila nilipomaliza kitabu niliacha maneno mawili matatu. "Huyu anakimbia kama ameacha sufuria jikoni." "Huyu analia kabla sijalia mimi." "Huyu ana sauti nzuri, tatizo analijua hilo." Sikudhani kuna mtu anayasoma. Siku moja watu wa Nyumba ya Sauti wakanipigia simu, wakaniuliza nimesomea wapi kusikiliza. Nikawaambia sijasomea popote. Wakanipa kiti, dirisha linalotazama barabara ya Tukuyu, na kazi ya kuzisikiliza sauti mpya kabla hazijaruhusiwa kwenda kwa watu.

Wakati huo vitabu havikusomwa tena na walio hai. Msomaji alitengenezwa kutokana na sauti ya marehemu ambaye familia yake imeridhia. Naye hakuwa akirudia kitu kilichorekodiwa; alisoma palepale, kwa ajili yako peke yako. Hedifoni zilisikia pumzi zako, akaenda nazo. Ukichoka alipunguza mwendo. Ukiwaza mengine alinyamaza kidogo mpaka urudi. Watu walisema ni kama kusomewa na mtu anayekutazama usoni, na mimi nilikubaliana nao.

Kulikuwa na sharti moja juu ya yote, nami nililiapia siku ya kwanza. Sauti inaweza kufuata pumzi za mtu yeyote, lakini isimjue mtu. Sauti inayomtambua mtu hufungwa kila mahali ilipo, na chote kilichoiunda hufutwa.

Sikuwa nimewahi kufunga sauti hata moja, mpaka siku ambayo Gwamaka, fundi wetu wa sauti, aliweka hedifoni mezani kwangu akasema, "Mama Bupe, leo unasomewa na baba mkwe."

*

Sikuzivaa mara moja.

Kwetu Unyakyusa, mke hakutani na baba wa mumewe. Hamsalimii, hamtazami, haketi katika chumba alichomo. Wakikaribiana njiani, yeye huingia pembeni mpaka mzee apite. Wengi wa rika langu walikwisha kuyaacha mambo haya. Wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama mpira. Baba mkwe wangu hakuyaacha, nami sikumwomba ayaache. Zamani ningejengewa nyumba mbali na yake, lakini viwanja vya siku hizi havitoshi hata kwa kaburi, kwa hiyo tuliishi chini ya paa moja, tukigawana ukumbi mmoja.

Akitaka kupita, alikohoa kwanza. Kikohozi kifupi, kikavu, kisha akasubiri. Nikikisikia nilichukua nilichokuwa nacho mkononi, beseni au mtoto, nikaingia jikoni. Halafu nilisikia hatua zake, halafu mlango. Hakuwahi kunikemea, hakuwahi kunifanya nijione mchafu. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Nilimfahamu kupitia ukuta, akimsomea Mama, mkewe, habari za magazeti jioni, akirudia zile za kuchekesha.

Ukutani mwa nyumba yetu, kama nyumba nyingi, kulikuwa na kifaa tulichokiita sikio. Kiliwasha taa, kilifungua maji, kilimwita daktari mtu akianguka. Kilihifadhi kila kilichosemwa. Mzee alipofariki, mume wangu Ambakisye alichukua yote yaliyokuwa ndani ya sikio akayapeleka Nyumba ya Sauti. Hakutaka umaarufu. Alifanya hivyo kwa ajili ya mama yake.

Mama alikuwa amepoteza macho, na tangu mazishi alikuwa analala amegeukia ukuta. Uji ulipoa kando ya kitanda nikauondoa kama nilivyouleta. Kisha familia ikapewa sauti ya majaribio, ndani ya spika ndogo inayosikia pumzi kama hedifoni, kabla ukaguzi haujaanza. Mzee akaanza kumsomea Mama. Siku ileile Mama aliuliza kama kuna ndizi zilizobaki. Siku iliyofuata alitaka dirisha lifunguliwe.

Kwa hiyo nilipozitazama zile hedifoni mezani, nilijua ni uhai wa nani uliolala pale.

*

Mwishowe nikazivaa. Walimpa mzee riwaya ya mapenzi. Alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo wa mtu aliyevuta vumbi la mbao maisha yake yote, na hakuisukuma. Niliandika: hajisikilizi. Hiyo kwangu ni sifa kubwa.

Msichana wa riwaya alipofika mtoni kuoga, msomaji akakohoa. Akanyamaza. Ukimya ulikuwa mrefu kiasi cha mtu kuokota vitu vyake na kutoka.

Nilijikuta nimesimama.

"Vipi?" Gwamaka aliuliza kutoka kwenye meza yake.

"Amekohoa."

Alikuja akasikiliza kipande kile, akacheka. "Mzee ana haya. Tumpe kitu cha kanisani."

Tukampa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Hakuna mtu anayeoga katika kitabu cha ufugaji wa nyuki. Alisema jina la sura ya kwanza, kisha akakohoa, kisha akanyamaza.

Gwamaka akavaa hedifoni mwenyewe. Mzee akamsomea bila kusita, mizinga, nta, moshi wa kuwatulizia nyuki. Tukamwita msikilizaji mwingine kutoka chumba cha pili. Akasomewa vilevile, akasema sauti hii itapendwa sana na wazee. Nikavaa mimi. Kikohozi. Ukimya.

"Hebu shikilia pumzi," Gwamaka alisema.

Nikashikilia. Mzee akaanza kusoma. Nilipoachia, alikatisha katikati ya neno na kukohoa.

Hakuna aliyecheka sasa. Gwamaka alivuta kiti akaketi karibu nami, akaanza kunieleza kwa utaratibu. Sikio la nyumba halikusikia maneno tu. Lilisikia hatua zangu, pumzi zangu ukumbini, na kila mara pumzi hizo zilipokuwa karibu, mzee alikohoa na kungoja. Mashine ilijifunza sauti yake, ikajifunza na hilo. Sasa hedifoni zikisikia pumzi zilezile, inafanya alichofanya yeye; kwenye riwaya ilichukua muda kidogo tu kuzitambua.

"Kwa hiyo hakuna mtu humo ndani," nikasema.

"Hakuna mtu. Ni mazoea tu yaliyonaswa."

"Lakini ananitambua."

"Inakutambua," alisahihisha, kisha akajikuna shingo. "Ndiyo. Kwa maandishi ya sharti, inakutambua."

Aliinuka akafunga mlango wa chumba. "Dada, sikiliza. Ninaweza kumsafisha. Naondoa pumzi zako kwenye kila alichojifunza. Kikohozi kinakwenda, sauti inabaki. Ukisikiliza tena hatakujua, utasema ukweli kwamba hakujui, na mama yako anaendelea kusomewa. Hakuna atakayeumia."

"Na nisipotaka asafishwe?"

"Basi unamfunga. Kote, hadi ile spika ya nyumbani. Sauti hizi zinatoka Ijumaa, kabla ya hapo uniambie."

Nilimpigia Ambakisye, aliyekuwa kazini Songwe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asafishwe," alisema. "Kuna cha kufikiria hapo?"

"Ni baba yako. Hicho ndicho alichokuwa anakifanya kwa ajili yangu."

"Tuse, baba amekufa. Mama hajafa. Asafishwe, na usimwambie."

Alikuwa anasema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema.

*

Siwezi kuhukumu sauti kabla sijaisikiliza hadi mahali inapofika. Ndivyo ninavyofanya kazi. Wengine husikiliza dakika chache wakaandika. Mimi humwacha msomaji achoke, kwa sababu akichoka ndipo anapoonyesha alivyo. Nikajiambia kwamba huyu naye nimtendee hivyo. Kesho yake, mvua ikinyesha na ukungu umefunika hata duka la ng'ambo ya barabara, nilivaa hedifoni, nikafungua kitabu cha nyuki, nikakaa.

Akakohoa, akasubiri.

Maisha yangu yote ya ndoa nilikuwa nimeondoka. Miguu yangu ilijua kuondoka kuliko nilivyojua mimi. Niliishika meza.

Akakohoa tena, taratibu zaidi, kama mtu anayedhani hakusikika. Akasubiri. Nilisikia kitu ambacho katika kazi yetu tunakiita hewa ya chumba, ule mvumo mdogo unaokuambia msomaji bado yupo hata kama hasemi. Alikuwepo. Mara ya tatu hakukohoa sawasawa. Aliivuta pumzi ya kukohoa akaiacha.

Kisha akaanza kusoma.

Nimesikiliza wasomaji wengi, na najua sauti ya mtu anayetazama mbele na ya mtu anayetazama chini. Huyu alikuwa amegeuka. Sauti ilikwenda mbali nami, ikagonga kitu kigumu na kurudi ikiwa imepoteza ncha zake. Alikuwa anausomea ukuta. Alisoma haraka, yeye ambaye hakuwa na haraka, akiyameza maneno, kama mtu anayevaa nguo huku mlango umefunguliwa ghafla. Nilimwacha kwa sentensi chache. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye hedifoni na sikuzivua upesi kama nilivyopaswa.

Nilipozivua, Gwamaka alikuwa ananitazama kupitia kioo. "Umeona nini?" aliuliza.

"Sikuona kitu," nilisema. Hapo ndipo nilipogundua kwamba muda wote wa kusikiliza nilikuwa nimefumba macho.

*

Nyumbani, nilipokuwa navua koti ukumbini, Mama aliniita.

"Mama Bupe. Njoo unitafutie shali."

Shali ilikuwa mabegani mwake. Nilikuwa nimeiona kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Spika ilikuwa inasoma juu ya kinyozi mmoja wa hadithi, na mara mguu wangu ulipogusa kizingiti, mzee akakohoa na kunyamaza. Siku zote nilidhani ni Mama anayeisimamisha spika ili tuzungumze. Sasa nilimtazama. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, mbali na kitufe. Uso wake ulikuwa umeinuliwa kuelekea kwenye kile kikohozi, kama unavyoinua uso kwa jua.

"Shali umeivaa, Mama."

"Kumbe." Hakuigusa. "Basi niletee maji."

Kikombe chake kilikuwa kimejaa. Nikakumbuka maji yote, miwani aliyoikumbuka ghafla ingawa haoni, mto uliohitaji kugeuzwa, nyuzi za sweta. Tangu spika ije nilikuwa naitwa chumba kile mara nyingi kuliko nilivyoitwa wakati wa ugonjwa wake.

"Mama, tangu lini unajua?"

Aliivuta shali karibu na shingo.

"Tangu siku ya pili," alisema. "Ulipoleta uji. Nikasema, yuko macho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kuingia." Akapapasa godoro mpaka akanipata mkono. "Mimi nikimwita haitiki. Nimemwita kwa jina, nimemtukana, nimemwambia maneno ambayo mkamwana hapaswi kuyasikia. Anaendelea kusoma tu. Ananisomea kama anavyomsomea mtu yeyote. Nimelala ubavuni mwake tangu niko msichana, na anayekutambua ni wewe, uliyekuwa unakimbilia jikoni."

Nilitafuta namna ya kulisema bila kuumiza. "Wewe hakuwa na haja ya kukukoholea, Mama. Mimi aliniwekea alama. Mashine haikuwa na alama yako ya kushika."

"Najua," alisema. "Nimekaa gizani hapa nalifikiria hilo hilo. Halinisaidii."

Spika bado ilikuwa kimya, ikingoja niondoke. Nilipunguza sauti yangu bila kukusudia.

"Ijumaa natakiwa kutoa jibu. Naweza kuruhusu asafishwe. Atakusomea kama sasa, ila hatakohoa tena."

"Nikikuita?"

"Nitaingia, naye ataendelea."

Akacheka kidogo, puani. "Huyo atakuwa redio."

"Ambakisye anataka hivyo. Anakuogopea."

"Ambakisye anaogopa kuja kunilisha uji mwenyewe." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Na wewe, msikilizaji? Kazi yako ni kusikia. Anaumia?"

"Sijui."

"Usiniambie hujui. Umeshasikia kitu, natambua unavyopumua."

Nikamwambia. Nilivyokaa na kitabu cha nyuki nisiondoke, alivyokohoa tena, alivyogeuka akausomea ukuta. Nilimwambia na kasi ya maneno, na kwamba nilimwacha aendelee kidogo kuliko ilivyohitajika. Mama alinisikiliza akiwa ameubana mkono wangu, kisha akauachia.

"Aliwahi kuniambia," alisema, "kwamba siku atakayokutana nawe uso kwa uso atajiona kama amevuliwa nguo sokoni. Nikamcheka. Nilimwambia, huyu mtoto hana hata habari na wewe." Akageuza kichwa kuelekea kwenye spika. "Na mimi nimekuwa nakuita. Kwa shali. Kwa maji. Mara ngapi kwa siku."

"Hukujua, Mama."

"Nilijua anakohoa. Sikuuliza anakohoa kwa nini." Akanigeukia. "Wewe ungefanyaje kama mimi singekuwepo?"

Hilo nilikuwa nimelikimbia tangu ofisini. Gwamaka alisema hakuna mtu ndani, na huenda yuko sahihi. Anajua mashine ile kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimesikia kitu kikitaka nisikione, na nikakataa kutoka. Kama hakikuwa mtu, basi ilikuwa ni heshima yake peke yake, imebaki bila mwenyewe, na sasa tunataka kuifuta ili sauti ifae kuuzwa. Kumsafisha kulikuwa kumnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa anakifanya kwa hiari yake. Kudanganya kwamba hanitambui kulikuwa kumwacha akohoe mpaka mimi nife.

"Ningemfunga," nilisema.

Kwa muda nilitamani aseme hapana, nami nimtii, na jambo liishie hapo.

"Toka kidogo," alisema mwishowe. "Niache aniambie hizo habari za nyuki. Kile cha kinyozi sikipendi."

*

Ijumaa asubuhi nilirudi kutoka ofisini na kibali kwenye simu. Utaratibu ni mfupi. Mkaguzi husimama karibu na spika, hutaja jina kamili la marehemu, husema sababu, kisha husema afungwe. Bila jina, spika haikubali.

Nilisimama ukumbini nikilifanyia mazoezi kichwani. Mke hatamki jina la baba wa mumewe, wala neno linalofanana nalo. Nimeyakwepa maneno kadhaa ya Kinyakyusa maisha yangu yote ya ndoa kwa sababu hiyo. Kinywa changu hakikuwa na umbo lake. Nililipanga ulimini likaanguka.

"Unasali au unafanya nini hapo nje?" Mama aliuliza kutoka ndani. Sauti ya mzee ilikuwa inaendelea nyuma yake. Nilikuwa bado mbali na kizingiti.

"Natakiwa kumtaja, Mama."

Kitanda kililia. Alikuwa anajiinua.

"Baki hukohuko," alisema. "Nitamtaja mimi. Mjane si anaruhusiwa?"

"Anaruhusiwa. Mimi nitathibitisha kwenye simu."

"Basi ingia jikoni ufunge mlango. Sitaki akatishwe."

Niliingia jikoni. Niliweka sikio langu kwenye ukuta uleule niliokuwa namsikilizia. Alikuwa anasoma juu ya malkia mpya, jinsi nyuki wanavyomlea katika chumba kilichojitenga, na kwamba mfugaji asifungue mzinga wakati huo hata kama ana hamu ya kuona. Alisoma kwa mwendo wake wa zamani, ule wa magazeti ya jioni.

Mama akalisema jina lake.

Hakulisema kama wanavyotaka watu wa utaratibu. Alimwita, kama unavyomwita mtu aliyeko nyuma ya nyumba kwamba chakula kiko tayari. Msomaji aliendelea. Akamwita tena, kwa jina lote, la baba na la babu, na baada ya hapo akangoja. Nami nilingoja, kipaji cha uso kikiwa kimegandamizwa kwenye plasta. Nilimsikiliza mzee kwa yote niliyojifunza, nikitafuta kusita popote, pumzi iliyozidi, neno lililochelewa. Kama kungekuwa na chochote ningekisikia, na ningemwambia Mama, na ningefuta kibali palepale.

Aliendelea kusoma. Chumba cha malkia kina umbo la karanga, alisema.

"Haya," Mama akasema, kwa upole sana. "Anamwonea haya mkwe wake. Mpumzisheni."

Kioo cha simu kikawaka mkononi mwangu kikiuliza kama nathibitisha. Nikathibitisha. Sauti ilikatika kabla ya mwisho wa sentensi, na baada yake hapakuwa na hewa ya chumba. Hapakuwa na kitu.

Nilibaki jikoni mpaka nilipoona aibu kubaki. Kisha nikapita ukumbini polepole, nikavuka kizingiti, nikaingia. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu haigusi sakafu. Alisogea, akapapasa mahali pa wazi kando yake, nikakaa. Nje magari yalikuwa yanapanda mlima kwenda Mbeya.

"Huyo malkia," aliuliza baada ya muda, "alitoka salama?"

"Sijui, Mama," nilisema. "Mimi hakuwahi kunisomea kufika huko."